Baada ya Kipandikizi: Leza na Konea Iliyopinda

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wauguzi na wananchi, na kuchapishwa hapa karibu kama ulivyosemwa)

Nashukuru kwa kuniruhusu niseme Kiswahili. Habari za macho huzungumzwa sana kwa lugha ya kliniki, na mgonjwa huondoka akiwa ameitikia “ndiyo, daktari” kwa jambo ambalo hakulielewa hata nusu.

Nimekuja na kusudio moja. Siku hizi kila anayesumbuliwa na macho huuliza habari za leza. Ametazama tangazo, au binamu yake amefanyiwa Nairobi na ameacha miwani. Miongoni mwa wanaouliza wako watu ambao jibu lao ni gumu kuliko la wengine wote: wale waliokwisha kupandikizwa konea, kipandikizi kikashika, lakini bado hawaoni vizuri. Nataka kueleza leza inaweza kuwafanyia nini, nini haiwezi, na kwa nini mahali pake ni mwisho wa safari ya matibabu. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu. Ya nne ndiyo ndefu, kwa hiyo wenye kutaka kunyoosha miguu wafanye hivyo kabla sijaifikia.

Hoja ya kwanza: konea kuwa safi na jicho kuona ni mambo mawili

Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, unaofunika sehemu ya rangi na mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na upana wake ni milimita 11 na nusu hivi. Hauna mshipa wa damu hata mmoja. Wengi hudhani kazi ya kukusanya mwanga ni ya ile lenzi ya ndani, inayoingia ukungu tukasema mtu ana mtoto wa jicho. Kumbe nguvu kubwa iko kwenye konea: takriban dayopta 43 kati ya 60 za jicho zima, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga. Umbo lake likienda kombo kidogo tu, picha nzima huharibika.

Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria na leo uko Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea zilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lililoumia lilikuwa halina budi kutolewa. Jicho moja la kibarua yule lilibaki angavu, naye akarudi kazini. Hicho ndicho kipandikizi cha kwanza cha konea nzima kilichofaulu kwa binadamu. Tangu hapo, kwa miongo mingi, madaktari walikuwa na swali moja tu: je, kimebaki safi? Mtu aliyekuwa haoni kabisa sasa anauona mlango; nani angemuuliza habari za herufi ndogo?

Leo tunamuuliza. Hebu tumchukue mgonjwa wa mfano, niliyemuunda ili nisimtaje mtu yeyote. Ni kijana wa miaka 24, fundi wa simu, aliyepandikizwa konea kwenye jicho la kulia kwa sababu ya keratokonasi. Ugonjwa huu huifanya konea iwe nyembamba na ichongoke kuelekea mbele. Huanza ujanani, na hapa Kenya ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kupandikizwa konea. Sasa mwaka umepita. Daktari anamulika: konea inang'aa, hakuna dalili kwamba mwili unaikataa. Daktari anafurahi. Kijana hafurahi. Kwenye ubao wa herufi anaisoma ile kubwa ya juu, na ya pili anaibahatisha.

Anapimwa, na karatasi inaandikwa silinda ya dayopta 8. Hiyo ndiyo astigimatizimu. Konea iliyo sawa imepinda kwa kiasi kimoja pande zote. Yenye astigimatizimu imepinda zaidi kwenye mhimili mmoja na kidogo kwenye mhimili unaoukata ule, kwa hiyo mwanga hukutana mahali pawili, na hapana hata pamoja panapotoa picha kamili. Mwingereza Thomas Young aliieleza hali hii mwaka 1801 kwa kulipima jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwanafalaki George Airy naye alibuni lenzi ya silinda kwa ajili ya jicho lake la kushoto. Wengi wenu humu ndani mna nusu dayopta au dayopta nzima na hamna habari. Lakini baada ya kupandikizwa konea nzima, wastani huwa kati ya dayopta 3 na 5, na wapo wanaofika 10 na kupita.

Hoja ya pili: upindaji huu una chanzo, na kabla ya kuutibu ni lazima uache kusogea

Daktari hukata duara la konea ya mgonjwa, kipenyo chake kama milimita 7 na nusu au 8, akaweka duara kutoka kwa mtoaji, kisha akalishona kwa uzi wa nailoni wenye unene wa mikroni 20 na ushei. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mara nyingi hupiga mishono 16 yenye mafundo mbalimbali, au huzungusha uzi mmoja, au huchanganya njia zote mbili.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Walikuwa wakiwasema watu, lakini mimi naichukua kama ilivyo: fundo lililokazwa kuliko wenzake huivuta konea upande wake, na katikati ya konea, kwenye mhimili uleule, panabinuka zaidi. Mwambaji ngoma akisikia sauti imekwenda upande hulegeza kamba inayohusika. Nasi hufanya hivyo. Tunapiga ramani ya konea kwa mashine inayoonyesha palipobinuka kwa rangi nyekundu na palipolala kwa buluu, tunautafuta mshono uliokaza kwenye wekundu, tunaukata na kuutoa kwa kibano, mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti na ametiwa dawa ya ganzi ya matone. Kazi hii huweza kuanza mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji. Mgonjwa hulipa nauli na ada ya kliniki, na mara nyingine hushusha dayopta nyingi kuliko ambavyo mashine yoyote ya leza ingeweza kumshushia.

Nyuzi si chanzo pekee. Kisu cha duara huweza kuinama kidogo wakati wa kukata. Ukingo wa konea ya mwenye keratokonasi huenda nao ni mwembamba upande mmoja, ukashonwa kwenye kipandikizi kinene. Kidonda cha konea pia hupona polepole kwa sababu hapana damu inayopita, na hakiponi sawasawa pande zote. Ndiyo maana mshono wa mwisho ukitolewa, mara nyingi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, umbo hubadilika tena. Tunangoja miezi mitatu au zaidi baada ya hapo, tunapima, tunangoja, tunapima tena. Vipimo visipolingana, hapana leza. Anayemwahidi mgonjwa leza huku nyuzi zikiwa bado jichoni anapima maji ya bahari wakati yanajaa.

Hoja ya tatu: kijaribiwe kwanza kile kinachoweza kuvuliwa

Miwani huvuliwa. Lenzi ya kuvaa juu ya jicho huvuliwa. Konea iliyochongwa na leza hairudishiwi kilichoondoka.

Miwani hufaa silinda ya dayopta 3, pengine 4. Zaidi ya hapo mvaaji huona sakafu imeinama na ngazi zimesogea, hasa ikiwa jicho la pili ni zima. Na kama upindaji hauna mpangilio, yaani mihimili haikutani kwa pembe mraba, miwani haina la kufanya hata silinda ikiwa ndogo.

Lenzi ngumu inayopitisha hewa ni habari nyingine. Machozi hujaza nafasi kati ya lenzi na konea, na sura ya mbele ya jicho inakuwa ile ya lenzi, laini na sawa. Kijana wetu mwenye dayopta 8 akivalishwa lenzi iliyopimwa vizuri huenda akasoma mstari wa karibu na mwisho siku hiyohiyo. Ziko pia lenzi pana zinazokaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea. Najua malalamiko yake, na ni ya kweli: vumbi, joto, maji yasiyoaminika, bei ya dawa ya kusafishia, na fundi anayefanya kazi barabarani hana pa kunawa mikono. Konea iliyopandikizwa haina hisia kamili kwa muda mrefu, kwa hiyo huweza kuchubuka mwenyewe asijue. Basi wapo wasioziweza. Lakini wapo wengi zaidi ambao hawajawahi kujaribishwa kwa sababu aliyewahudumia hakuwa na seti ya lenzi za majaribio. Hao si wagonjwa wa leza bado.

Na kama mgonjwa ana umri mkubwa na ana mtoto wa jicho pia, kuna njia ya kumwekea lenzi ya ndani yenye silinda wakati wa upasuaji huo. Hiyo naipita tu.

Hoja ya nne: leza ni nini, na hufanya nini juu ya kipandikizi

Nimefika kwenye ile hoja ndefu. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM jimboni New York, wanasayansi watatu, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza iliyoitwa eksaima. Siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, Srinivasan alileta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakayapiga kwa leza ile. (Msicheke, sayansi nyingi imeanzia jikoni.) Waliona mkato safi, kingo hazikuungua. Mwanga wa eksaima, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, huvunja viungo vya molekuli papo hapo, na tishu huondoka kabla joto halijasambaa kando. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York, akishirikiana na Srinivasan, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba konea inaweza kuchongwa hivyo. Mwaka 1985, Berlin, Theo Seiler akaitumia kwenye macho ya binadamu. Sikilizeni alichokusudia: hakuwa akiondoa miwani ya vijana wa mjini, alikuwa akikata mipasuo ya kupunguza astigimatizimu. Kwa hiyo tatizo tunalolizungumza leo lilikuwepo tangu siku za kwanza za leza hii.

Kila mpigo wa eksaima huondoa takriban robo ya mikroni. Kwa kawaida dayopta moja, kwenye eneo la milimita 6, hugharimu mikroni 12 hivi za konea. Dayopta 8 ni mikroni 96. Konea ni kama mikroni 540. Ukiangalia hesabu peke yake utasema inatosha, na matangazo huishia hapo. Lakini konea ya kijana wetu si konea ya tangazo. Imezungukwa na kovu la duara, mishipa yake ya fahamu ilikatwa, seli zake za ndani zinazosukuma maji nje zinapungua upesi kuliko za mtu mwingine, na ni nyama ya mtu mwingine ambayo mwili wake umekubali kuivumilia tu.

Njia ni tatu, na nitazieleza kwa uzito ninaoupa kila moja.

Ya kwanza ni LASIK. Hukatwa utando mwembamba wa juu bila kuumaliza, hufunuliwa, leza ikachonga chini yake, utando ukarudishwa. Maumivu ni machache, macho hufunguka upesi, na ndiyo maana inapendwa. Kwenye kipandikizi naiogopa. Ili kukata utando ule, jicho hubanwa kwa pete ya kufyonza inayopandisha shinikizo la ndani mara kadhaa kuliko la kawaida, na kovu la kipandikizi cha konea nzima halirudi kamwe kwenye nguvu za konea isiyoguswa. Wako watu ambao jicho limepasuka hapo miaka mingi baadaye kwa kupigwa mpira tu. Tena kule kukata utando peke yake hulegeza mivutano ya kovu na kubadilisha silinda. Ndiyo sababu madaktari wanaoitumia kwenye vipandikizi wengi huigawa mara mbili: leo wanakata utando na kuurudisha, baada ya wiki kadhaa wanapima upya ndipo wanachonga. Anayefanya yote kwa siku moja anachonga kwa kipimo ambacho kimeshabadilika mikononi mwake.

Ya pili ni kuchonga juu ya uso, bila utando. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza ikachonga, lenzi laini ikavalishwa kwa siku chache mpaka ngozi irudi. Siku hizo zina maumivu, sitawaficha. Hatari yake kubwa ni ukungu wa kovu, na vipandikizi huota ukungu huu kwa urahisi kuliko konea za kawaida. Tangu tulipoanza kupaka dawa ya mitomaisini ya asilimia 0.02 kwa muda mfupi mara baada ya leza, ukungu umepungua sana. Faida yake kwangu ni kubwa: haibani jicho, haikati kitu kirefu, na ziko mashine zinazofuata ramani ya konea yenyewe, zikachonga zaidi palipobinuka na kuacha palipolala. Kwa upindaji usio na mpangilio, hilo ndilo linalohitajika.

Ya tatu haichongi, inakata. Leza ya femtosekunde hutoa mipigo mifupi mno. Donna Strickland na Gérard Mourou, waliobuni njia ya kutengeneza mipigo mifupi yenye nguvu kubwa, waligawiwa nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018. Kwa leza hii hukatwa mipasuo miwili ya upinde ndani ya kipandikizi, kama nusu milimita kutoka kwenye kovu, kwenye mhimili uliobinuka, kwa kina cha robo tatu ya unene au zaidi kidogo. Mhimili uliokatwa hulala, na ule unaoukata hubinuka kidogo. Kazi hiihii imefanywa kwa miaka mingi kwa kisu cha almasi, na mkono mzuri bado unaifanya. Leza imeleta usahihi wa kina na umbo. Ambacho haijaleta ni uhakika wa matokeo. Wagonjwa wawili wenye silinda moja na mipasuo ileile huweza kutoka na vipimo tofauti kabisa, na wapo ambao mhimili hugeuka ukawa upande wa pili. Tunaikubali kwa sababu ni njia chache zinazoweza kushusha silinda kubwa mara moja.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Nyuzi zimetoka, vipimo vimelingana, lenzi ngumu ameijaribu kwa dhati na haikai. Ana dayopta 8. Mimi nisingemchonga mikroni 96. Ningemkata mipasuo ya upinde kwanza, nikangoja miezi kadhaa. Ikishuka mpaka 4, na huo ndio mshuko ambao mara nyingi tunautarajia, yaani karibu nusu, ningemchonga juu ya uso mikroni 48 hivi, au nisimchonge kabisa, kwa sababu miwani sasa inamfaa. Muda wote huo matone ya steroidi yangeongezwa, maana jeraha lolote jipya huweza kuuamsha mwili ukaanza kukikataa kipandikizi. Mimi huwaambia wagonjwa wangu: jicho likiwa jekundu, likiuma, likiuogopa mwanga au likiingia ukungu, njoo leo. Usingoje siku uliyopangiwa.

Mzee mmoja hapa mbele amenong'ona, “Kwa hiyo mwisho wake bado ni miwani?” Ndiyo, mzee wangu. Kwa mwenye kipandikizi, kazi ya leza ni kulileta jicho mahali ambapo miwani ya kawaida inafanya kazi. Anayetaka kuitupa miwani kabisa anaombwa alete jicho ambalo halijapandikizwa.

Hoja ya tano: konea ni adimu kuliko mashine

Konea nyingi zinazopandikizwa huku kwetu husafirishwa kutoka ng'ambo, zikiwa katika maji maalumu kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na muda wake ni siku 14. Nairobi ipo benki ya macho ya Lions huko Loresho, lakini wanaoahidi macho yao wakiwa hai ni wachache, na familia zinazotimiza ahadi hiyo ni chache zaidi. Kipandikizi kilichopatikana kwa shida namna hii hakichezewi.

Ndiyo maana nikiulizwa na hospitali ya kaunti inunue nini kwanza, jibu langu huwaudhi wauzaji: mashine ya ramani ya konea, seti ya lenzi ngumu za majaribio, na mshahara wa mtaalamu mmoja wa kuzipima. Leza za eksaima zipo Nairobi. Mgonjwa mmoja mmoja anayezihitaji anaweza kupelekwa. Ila hawezi kupelekwa Nairobi kila mwezi kwa ajili ya kutolewa mshono mmoja.

Mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa yanayokuja. Upasuaji wenyewe unabadilika. Kwa magonjwa ya seli za ndani tu, njia zilizoendelezwa na Gerrit Melles wa Uholanzi hubadilisha tabaka lile la ndani peke yake, likashikizwa kwa povu la hewa badala ya duara la mishono, na umbo la konea hubaki karibu lilivyokuwa. Kwa keratokonasi, madaktari wengi sasa huacha tabaka la ndani la mgonjwa mwenyewe na kubadilisha la juu, jambo linaloondoa aina mbaya zaidi ya kukataliwa, ingawa nyuzi na silinda bado zipo.

Lililo kubwa zaidi lilichapishwa mwaka 2003 kutoka Dresden: matone ya raiboflavini, ambayo ni vitamini B2, na mwanga wa urujuanimno, hukaza nyuzi za konea na kusimamisha keratokonasi isiendelee. Mmoja wa waandishi watatu wa kazi hiyo ni Theo Seiler, yuleyule wa Berlin na mipasuo ya 1985. Matibabu haya tayari yanafanyika Kenya. Yakiwahi, mara nyingi kipandikizi hakihitajiki, na yote niliyosema kuhusu leza hayamhusu mgonjwa aliyewahiwa hivyo.

Na kuwahi kunawategemea nyinyi. Walimu wenye mwanafunzi anayesugua macho kila siku mpaka yakawa mekundu, nanyi wazazi ambao namba ya miwani ya mwana wenu hubadilika kila mwaka, msiishie kwenye duka la miwani. Ombeni apimwe ramani ya konea, macho yote mawili, hata kama moja linaonekana zima. Fomu za kuahidi macho ziko kwenye meza ya mlangoni, na muuguzi atawaeleza namna familia inavyotakiwa kutoa taarifa mapema. Sasa nipo tayari kwa maswali, nikianza na mzee wangu wa mbele, maana naona bado hajaridhika.